Nyumba Njema si Mlango: Thamani ya Nyumba za Kawaida za Majengo katika Historia Yetu

Wahenga walisema nyumba njema si mlango. Methali hii hutumiwa kumwonya mtu asihukumu kitu kwa sura yake ya nje; lakini ikichukuliwa kwa maana yake ya wazi kabisa, yaani nyumba yenyewe na mlango wenyewe, yawafaa sana wale ambao kazi yao ni kuandika juu ya majengo ya kale ya pwani ya Afrika Mashariki. Kwa hakika wengi wetu tumekaa mlangoni muda mrefu mno. Milango ya nakshi ya Lamu, ya Mombasa na ya Unguja imepimwa, imechorwa, imepigwa picha, na mingine imeng'olewa ikauzwa. Waliopita mlangoni wakaingia ndani waliingia katika nyumba za mawe. Usam Ghaidan na James de Vere Allen, waliofanya utafiti wao huko Lamu katika miaka ya 1970, walitufundisha mengi juu ya daka, misana na zidaka za kutani, nasi hatuna budi kuwashukuru. Walakini nyumba ya mawe ilikuwa ya wachache. Nyumba ambayo Waswahili wengi, na watu wengi zaidi waliojifunza kuishi mjini kwa njia ya Kiswahili, wamezaliwa, wamepanga, wameoa na wamefia ndani yake katika karne iliyopita ni ile ya miti na udongo, yenye ushoroba katikati na vyumba pande mbili. Nyumba hii ndiyo shabaha ya makala haya.

Lugha yenyewe yatupa mahali pa kuanzia. Mzizi mmoja umetuzalia maneno matatu: jumba, nyumba na chumba. La kwanza ni la ukubwa, la pili ni la hali ya kawaida, la tatu ni la udogo. Historia ya majengo iliyoandikwa hadi sasa ni historia ya jumba. Katika pwani ya Kenya, miongoni mwa magofu yanayolindwa na sheria, lipo moja liitwalo Jumba la Mtwana, na msomaji asikose kuona ajabu ya jina hilo: mtwana ametajwa, lakini kilichohifadhiwa ni majumba na misikiti ya mawe. Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO imefuata mkondo huohuo. Mji wa Kale wa Lamu uliingizwa mwaka 2001, Ngome ya Yesu mwaka 2011, na Gedi mwaka 2024. Yote matatu ni mawe. Sisemi kwamba hayakustahili. Nasema kwamba mtu akiisoma orodha hiyo baada ya miaka mia, atadhani kwamba watu wa pwani waliacha kujenga walipofika karne ya ishirini.

Nyumba ninayoisemea hapa ina umbo ambalo msomaji yeyote aliyekulia Mombasa, Malindi, Tanga, Dar es Salaam au Pumwani atalitambua mara moja. Mbele kuna baraza, moja kulia na moja kushoto kwa mlango, zimejengwa kwa udongo na kusiribwa, na paa limeteremshwa mbele kuzipa kivuli. Mlango hufungukia ushoroba, ambao siku hizi wengi huuita korido, nao hunyoosha moja kwa moja mpaka mlango wa nyuma. Kila upande wa ushoroba kuna vyumba vitatu kwa kawaida, jumla sita, na kila chumba kina mlango wake na kufuli yake. Ukitoka nyuma waingia uani, palipozungushiwa ukuta au makuti: jiko lipo huko, choo kipo huko, mahali pa kuogea, kamba za kuanikia nguo, na mara nyingi banda la vyumba viwili vitatu vilivyoongezwa baadaye mwenye nyumba alipopata fedha. Baina ya nyumba na nyumba pana kichochoro, ambacho kwingine ni chembamba kiasi kwamba watu wawili wakikutana humo mmoja hulazimika kugeuka ubavu.

Ujenzi wake ni elimu kamili, na elimu hiyo ina msamiati wake. Boriti husimamishwa, fito zikafungwa kwa kamba, katikati pakajazwa mawe madogo na udongo. Ukuta wa namna hiyo ndio kiambaza, na kazi ya kuujaza udongo ni kukandika. Kisha husiribwa, na mwenye uwezo hupaka chokaa. Juu kuna makombamoyo na mapao ya kubebea makuti, na katikati, mwamba kwa mwamba, hupita mti uitwao mtambaapanya, jina lililotungwa na mtu aliyewahi kulala chali usiku akitazama dari isiyokuwepo. Nimewahi kuwauliza wanafunzi wa mwaka wa pili, wengi wao wenyeji wa pwani, maana ya mtambaapanya. Mmoja alidhani ni aina ya mtego; mwingine aliniuliza kama ni ugonjwa. Siwalaumu. Wamelala chini ya simiti maisha yao yote. Lakini kamusi hutunza neno kama kabati litunzavyo nguo ya marehemu: nguo ipo, wa kuivaa hayupo.

Asili ya umbo hili imejadiliwa, na si nia yangu kuifufua mijadala yote. Inatosha kusema kwamba banda la shamba la pwani, lenye paa la mgongo na vyumba vichache, lilipanuliwa katika karne ya kumi na tisa palipokuwa na wageni wa kulazwa, hasa katika miji ya bandari na katika vituo vya misafara kama Tabora na Ujiji. Ushoroba ndio uliokuwa uvumbuzi mkubwa. Katika nyumba ya zamani ya ukoo, ili uingie chumba cha ndani yakupasa upite chumba cha nje. Nyumba ni mfuko mmoja, na wote waliomo ni jamaa. Ushoroba uliivunja nyumba ikawa vyumba, pasipo kuivunja paa. Watu wasiojuana waliweza sasa kuishi chini ya paa moja, kila mmoja na mlango wake, wakashirikiana baraza, ushoroba, ua na choo. Naona huu kuwa miongoni mwa uvumbuzi mkubwa wa kijamii katika miji yetu, na aliyeuvumbua hana jina.

Mwanzoni mwa karne ya ishirini uvumbuzi huo ulikuwa tayari kungojea watu, na watu walikuja. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Nairobi mwaka 1899. Bandari ya Kilindini ilipanuliwa, na wafanyakazi walioletwa au waliojileta hawakuweza kuingia Mji wa Kale, ambao ulikuwa umejaa. Mji ulitoka nje ya mipaka yake ukaelekea magharibi kisiwani, na sehemu hiyo mpya ikaitwa Majengo. Jina hili lastahili kutazamwa. Ni nomino tu ya kitenzi kujenga, katika wingi. Halitaji ukoo, wala mtakatifu, wala gavana. Tunalikuta tena Nairobi, Moshi na Dodoma. Kila penye Majengo, hapana shaka palikuwa na watu waliojijengea wenyewe, pengine wakati serikali ilipokuwa bado ikitafakari namna ya kuwajengea.

Hapa yatubidi tusimame kidogo katika neno kodi. Mwaka 1901 serikali ya himaya ya Waingereza ilianzisha kodi ya nyumba, isiyozidi rupia 2 kwa mwaka kwa kila nyumba ya kukaliwa. Nyumba ya Mwafrika iliingia katika daftari za dola kwa mara ya kwanza kama kitu cha kuhesabiwa ili kitozwe. Lakini mkaaji wa Majengo alilijua neno kodi kwa maana nyingine mbili pia. Mpangaji alilipa kodi ya chumba kwa mwenye nyumba. Mwenye nyumba naye, ambaye wapangaji wake walimwona kuwa tajiri, alilipa kodi ya kiwanja kwa mwenye ardhi, kwa sababu ardhi iliyo chini ya nyumba yake haikuwa yake. Desturi ya pwani iliruhusu jambo ambalo sheria ya Kiingereza ililiona kwa shida: mtu kumiliki nyumba, au mnazi, juu ya ardhi ya mtu mwingine. Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908 ilipowapa baadhi ya watu hati za ardhi ya kisiwani na pwani, na wengi wengine wakakosa, utengano huo ulitiwa nguvu. Wenye hati waligawa viwanja, wasio na hati wakajenga. Basi neno moja likasimama katika ngazi tatu, na kila aliyelitamka alijua amesimama wapi. Nitarudi kwenye jambo hili mwishoni, kwa sababu ndilo linaloziua nyumba hizi leo.

Nairobi ilipata Majengo yake kwa njia ya mabavu zaidi. Katika miaka ya mwanzo ya mji ule palizuka vijiji vya wapagazi wa zamani, askari waliomaliza utumishi, wachuuzi na wanawake waliokuwa wakijitafutia riziki: Pangani, Maskini, Kaburini, na kijiji kimoja kilichoitwa Mombasa, jina linaloonyesha wazi wakaaji wake walijiona wametoka wapi au walitaka kufanana na nani. Nyumba zao zilikuwa za umbo lile la pwani. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 serikali ilifungua Pumwani na kuwahamishia watu huko. Vijiji vikabomolewa kimoja baada ya kingine, Pangani ikiwa ya mwisho, mwaka 1939. Baadhi ya wenye nyumba wa Pangani walipelekwa Shauri Moyo, jina ambalo lenyewe lastahili makala. Huko Pumwani serikali ya mji ilipima viwanja, ikabaki na ardhi, ikawaacha watu wajenge. Waliojenga walijenga walichokijua. Makuti hayakupatikana kwa urahisi katika bara, basi paa likawa la madebe ya mafuta ya taa yaliyofunuliwa na kupigwa nyundo mpaka yakanyooka. Kila kitu kingine kilibaki vilevile: baraza, ushoroba, vyumba, ua. Umbo la pwani lilipanda reli likafika nyanda za juu, na kwa maoni yangu ni ushahidi mzito wa kuenea kwa utamaduni wa Kiswahili bara kuliko nyaraka nyingi tunazozitaja darasani.

Tulinganishe na kile serikali yenyewe ilichokijenga. Vita Kuu ya Kwanza iliacha jina moja katika miji miwili: Carrier Corps, kikosi cha wapagazi, kilizaa Kariakoo huko Dar es Salaam na Kariokor huko Nairobi. Msikilizaji wa lugha ataona tofauti ndogo ya matamshi na tahajia. Mtazamaji wa nyumba ataona tofauti kubwa zaidi. Kariakoo ya Dar es Salaam ilijazwa na wenyewe kwa nyumba za ushoroba, familia na wapangaji pamoja. Kariokor ya Nairobi ilijengwa na manispaa mwishoni mwa miaka ya 1920 kuwa mabweni ya wanaume. Bweni halina baraza. Halina ua wa mwanamke kupikia. Limejengwa kwa kudhani kwamba mfanyakazi hana mke, au anaye lakini yuko mbali, na kwamba mkataba ukiisha atarudi kwao. Nyumba ya Majengo ilijengwa kwa kudhani kinyume: kwamba aliyekuja atakaa, atazaa, atazeeka, na atahitaji mahali pa kuketi jioni akisalimiwa na wapitao.

Wengi wa waliojenga huko Pumwani na Pangani walikuwa wanawake. Jambo hili lilichunguzwa na Janet Bujra katika miaka ya 1970 na baadaye na Luise White, ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1990. Wanawake hao walipata fedha kwa njia mbalimbali: kupika pombe, kuuza chakula, na kuuza kile ambacho wanaume wa mji usio na wake walikuwa tayari kukilipia. Walipopata fedha hawakuzipeleka kwa baba wala kwa kaka, walijenga. Sheria za mila za huko walikotoka hazikumruhusu mwanamke kumiliki shamba. Mji uliwanyima ardhi wote, wanawake na wanaume, lakini haukumzuia mwanamke kumiliki nyumba. Wengi walisilimu, wakapata jamaa mpya, wakazirithisha nyumba zao kwa watoto waliowalea au kwa ndugu wa dini. Yupo atakayeuliza kama nyumba iliyojengwa kwa fedha za namna hiyo yafaa kuitwa urithi wa taifa. Namjibu kwa swali: majumba ya mawe ya pwani yalijengwa kwa fedha gani? Biashara ya pembe na ya watumwa haikutuzuia kuyaita urithi.

Sasa nafika kwenye jambo linalotuhusu sisi wa idara za lugha. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa uliichagua lahaja ya Unguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki ikaanza kazi tarehe 1 Januari 1930. Historia hii tunaifundisha kila mwaka, na ni sawa. Lakini katika miaka hiyohiyo, mwendo mfupi kutoka palipofanyika mkutano, lugha ilikuwa ikitendeka katika shoroba za Majengo pasipo mwenyekiti wala katibu. Fikiria nyumba moja yenye vyumba sita. Chumba cha mbele ni cha mwenye nyumba, Mswahili wa Mvita au mtu wa Kingazija. Chumba kinachofuata kina mpagazi wa bandari, Mluo; cha tatu Mkamba na mkewe Mgiriama; upande wa pili Mtaita, Mnyamwezi, na mjane anayeuza mbaazi na mahamri. Choo ni kimoja. Mtungi wa maji uko uani. Ugomvi juu ya zamu ya kufagia utaendeshwa kwa lugha gani? Na usuluhishi wake barazani, mbele ya mwenye nyumba?

Sidai kwamba kiambaza hufundisha sarufi. Watu walijifunza Kiswahili kazini, msikitini, kanisani, shuleni na jeshini, na katika bweni la Kariokor pia Kiswahili kilisemwa. Ninachodai ni chembamba zaidi. Kiswahili cha kazini ni cha amri, na twakijua kilivyokuwa katika vinywa vya wasimamizi. Kiswahili cha nyumbani ni cha kuomba chumvi, kubembeleza mtoto, kufiwa, kutaniana na kukopa. Nyumba ya ushoroba ndiyo iliyomfanya mgeni akihitaji Kiswahili cha pili hiki, na iliwaweka watoto wa vyumba sita katika ua mmoja, wakacheza kwa lugha ambayo haikuwa ya mama wa mmoja wao ila wa mwenye nyumba. Wale wanaotafuta chimbuko la Sheng huenda moja kwa moja katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, Pumwani ikiwemo, nao hutazama umri wa wasemaji, shule zao na muziki wao. Sijaona bado aliyepima ua.

Msamiati wa nyumba hii umeendelea kusafiri hata nyumba zenyewe zinapotoweka. Baraza, kiti cha udongo, limekuwa mkutano wa chifu na limekuwa Baraza la Mawaziri. Ushoroba umepandishwa cheo vilevile: magazetini twasoma juu ya ushoroba wa uchukuzi na ushoroba wa wanyamapori, na tembo sasa ana ushoroba ilhali mtu wa Majengo amehamia ghorofani kwenye ngazi. Nyumba yenyewe, kwa upande mwingine, haikuwa mahali pa maongezi matulivu tu. Wafanyakazi wa Mombasa walipogoma mwaka 1939, kodi ya vyumba ilikuwa miongoni mwa malalamiko yao makubwa, na tume ya uchunguzi iliyoongozwa na H. C. Willan ililazimika kuandika juu ya msongamano wa nyumba. Mgomo mkuu ulioanza tarehe 13 Januari 1947 uliendelea kwa siku 12, ukashirikisha watu wapatao 15,000, na mikutano yake ilifanyika katika uwanja uliojulikana kama Kiwanja cha Maskini. Siku zile hapakuwa na simu mikononi mwa watu. Watu elfu kumi na tano hupashana habari barazani na uani. Mwanahistoria wa kazi anayeusoma mgomo huo katika faili za serikali peke yake anausoma kutoka upande wa wale walioshindwa kuelewa habari zilipita wapi.

Kwa nini basi nyumba hizi hazihesabiwi? Sababu ya kwanza inayotolewa ni kwamba hazina uzee, kwa maana ya uzee wa vitu vyenyewe. Fito huliwa na mchwa, makuti hubadilishwa kila baada ya miaka michache, udongo huanguka mvua ikizidi. Nyumba iliyojengwa mwaka 1915 huenda haina leo hata boriti moja ya mwaka huo. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama kale ya jengo ingekuwa katika vitu vyake tu. Huko Japani hekalu la Ise hujengwa upya kila baada ya miaka 20, mara ya mwisho mwaka 2013, wala hakuna anayelisema kuwa jipya. Ni huko Japani pia, mjini Nara, mwaka 1994, wataalamu wa hifadhi walikubaliana kwamba uhalisi wa jengo hupimwa pia kwa umbo, matumizi na ufundi wake, kulingana na utamaduni uliolijenga. Kwa kipimo hicho nyumba ya Majengo iliyokandikwa upya mara ishirini na watu walewale kwa ufundi uleule ni halisi kuliko jumba la mawe lililogeuzwa hoteli.

Sababu ya pili ni kwamba hakuna mtu mkubwa aliyeishi humo. Nilipokuwa masomoni ng'ambo nilistaajabia jinsi Waingereza walivyo tayari kuihifadhi nyumba isiyo na uzuri wowote. Mjini Liverpool ipo nyumba pacha, yaani nyumba mbili zilizoshirikiana ukuta mmoja, ya mwaka 1933, ya namna iliyojengwa kwa maelfu katika viunga vya miji yao, ukiipita hutageuka. Mwanamuziki John Lennon alilelewa humo na mama yake mkubwa, na tangu mwaka 2002 nyumba hiyo imo mikononi mwa shirika la kitaifa la hifadhi, na vyumba vyake vimerudishwa katika hali ya miaka ya 1950. Jambo hilo lilinifurahisha na kunikera kwa pamoja. Lilinifurahisha kwa kuwa lilithibitisha kwamba nyumba ya kawaida yaweza kuwa urithi. Lilinikera kwa kuwa upande wa pili wa ukuta uleule, palipoishi watu wasioimba, ulingoja muda mrefu kabla ya yeyote kuuona una thamani. Tukifuata njia hiyo tutahifadhi chumba kimoja katika sita, na vitano tuvibomoe. Waingereza haohao, lakini, wanayo njia nyingine iliyo bora: tangu sheria yao ya mwaka 1967 wameweza kutangaza eneo zima kuwa la hifadhi, mtaa pamoja na vichochoro vyake, bila kuuliza nani alilala wapi.

Nasi hatukosi sheria. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 huweka mwaka 1895 kuwa mpaka wa vitu vya kale vinavyohamishika, mwaka uleule himaya ya Waingereza ilipotangazwa, kana kwamba ukale wetu ulikwisha siku bendera ile ilipopandishwa. Kuhusu majengo, hata hivyo, sheria hiyo ni pana: jengo la umri wowote laweza kutangazwa kuwa ukumbusho wa taifa likiwa na maana ya kihistoria au ya kiutamaduni. Kizuizi hakimo katika sheria. Kimo katika macho ya wanaopendekeza majina.

Na kimo katika ardhi. Hapa ndipo ninaporudi kwenye kodi ya kiwanja. Nyumba ya Majengo ya Mombasa haianguki kwa mvua. Huanguka kwa barua. Mwenye ardhi, au mrithi wake, au aliyeuziwa, humwandikia mwenye nyumba kwamba kiwanja kinahitajika, na mahali pa vyumba sita na baraza mbili huinuka ghorofa sita. Simlaumu mwenye ardhi moja kwa moja: bei ya kiwanja kisiwani humshawishi yeyote, na watu wanahitaji pa kulala. Lakini mtaalamu wa hifadhi anayekwenda Majengo na fomu yenye nafasi moja tu ya kuandika jina la mmiliki ameshindwa kabla ya kuanza, kwa sababu mmiliki ni wawili, na mara nyingine watatu, na yule anayeijua nyumba ndiye asiye na hati. Hifadhi yoyote itakayotangazwa bila kulitatua jambo hili itamlinda mwenye kiwanja, imfukuze mwenye nyumba, kisha ituachie baraza tupu la kuonyeshwa watalii. Ni afadhali nyumba ibomolewe.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa wenzangu wa idara za lugha na historia ni dogo, na linawezekana mwaka huu. Tusingoje tangazo la waziri. Tuchague mtaa mmoja Majengo ya Mombasa na mmoja Pumwani, na tuwapeleke wanafunzi wakiwa na utepe wa kupimia, daftari na kinasa sauti. Wapime nyumba, wachore ushoroba na ua, waandike kila mti wa paa kwa jina linalotajwa na fundi wa mtaa huo, si kwa jina la kamusi. Pale majina yanapohitilafiana, waandike yote. Waandike vyumba kwa zamu ya wapangaji wake, kadiri kumbukumbu inavyorudi nyuma: nani alikaa, alitoka wapi, alizungumza nini na nani. Na waanze na mwenye nyumba, awe na hati au asiwe nayo, kabla hawajaenda ofisi ya ardhi. Mara nyingi atakuwa mwanamke mzee, naye atawaambia wakae barazani kwanza.